Miguu Kwanza, Mkono Baadaye: Jinsi ya Kupiga Dinki Zilizotulia katika Pikoboli

Ukimtazama mchezaji wa pikoboli, mchezo wa raketi, wavu na mpira wa plastiki, aliyekosea dinki, yaani pigo laini la karibu na wavu, macho huenda moja kwa moja kwenye raketi. Mpira umeinuka mno, mpinzani ameusaga, lawama zinaangukia kiganja. Mara nyingi kiganja hakina kosa. Mguu ulichelewa, mwili ukawa bado unasafiri wakati mpira unaguswa, na mkono ukabaki kuokoa jahazi. Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo ya chini: pa kusimama, mguu upi utangulie, uzito ukae wapi mpira unapoguswa, na namna ya kurudi mahali pako kabla mpira mwingine haujafika.

Nimechukulia kwamba unacheza wawili wawili na unashika raketi kwa mkono wa kulia. Mashoto ageuze pande.

Kiwanja kinavyoamua miguu yako

Pikoboli ilianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, nyumbani kwa Joel Pritchard, kwenye kiwanja cha badmintoni. Ndiyo maana hadi leo vipimo vya kiwanja ni vilevile vya badmintoni ya wawili wawili: urefu mita 13.4, upana mita 6.1. Wavu una kimo cha sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Kila upande wa wavu kuna eneo la mita 2.13 ambalo huruhusiwi kulikanyaga, wala kukanyaga mstari wake, unapopiga voli, yaani mpira ambao haujadunda. Wachezaji huliita jikoni. Dinki ni ule mpira laini unaopigwa kutoka kwenye mstari wa jikoni ukaangukia jikoni kwa wapinzani, chini kiasi kwamba hawapati nafasi ya kuushambulia.

Hesabu kidogo itakusaidia. Kutoka mstari wako wa jikoni hadi wa mpinzani aliye mbele yako ni mita 4.27 tu. Ukipiga kimshazari, kutoka kona yako hadi kona yake ya mbali, unapata zaidi ya mita 7, na mpira hupita juu ya sehemu ya wavu iliyo chini zaidi. Kwa hiyo dinki ya kimshazari ndiyo salama, na ndiyo itakayopigwa mara nyingi. Gharama yake inalipwa na miguu: mpira wa kimshazari hudunda ukiendelea kwenda nje, nawe unavutwa kuelekea mstari wa pembeni na hata kuuvuka.

Kama mnacheza kwenye ukumbi wenye mistari ya badmintoni, mstari wa mbele wa kuanzishia uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Si mstari wa jikoni. Bandika utepe sentimita 15 nyuma yake. Na kama mmeazima kiwanja cha tenisi, wavu wake katikati una sentimita 91.4, juu kwa sentimita 5 kuliko inavyotakiwa. Kazeni ule mkanda wa katikati uushushe. Ukizoea wavu mrefu utajifundisha kunyanyua mpira kupita kiasi, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa.

Viatu nitavipitia haraka: usivae vya kukimbilia barabarani. Kisigino chake ni kirefu na laini, kimetengenezwa kwa ajili ya kwenda mbele, na ukisukuma kwa nguvu kwenda pembeni kifundo cha mguu hujipinda. Vaa vya tenisi au vya mchezo wa ukumbini, vyenye soli bapa na kingo ngumu.

Hatua ya kwanza: mkao wa kusubiri

Simama vidole vya miguu vikiwa sentimita 5 hadi 8 nyuma ya mstari wa jikoni. Ukisimama juu yake utafanya kosa la mguu kila unapopiga voli. Ukisimama nusu mita nyuma, unampa mpinzani zawadi: mpira utakaodunda mbele ya viatu vyako, ambao unaupiga ukiwa umejikunja.

Tandaza miguu ipite upana wa mabega kidogo. Kunja magoti, nyonga zirudi nyuma kidogo, kifua kiwe juu. Uzito ukae kwenye nusu ya mbele ya nyayo, visigino viguse chini kwa wepesi. Watu wakiambiwa “simama kwa vidole” hujinyanyua hadi vigimbi vinatetemeka. Huo si utayari. Kipimo ni hiki: mtu akikusukuma kidogo begani kutoka upande wowote, uyumbe bila kulazimika kupiga hatua.

Raketi iwe mbele ya kifua, viwiko mbele ya mbavu. Mshiko uwe laini. Kama 10 ni kukaba kwa nguvu zote, wewe uwe kwenye 3 au 4. Mkono uliokaza hukaza bega, bega hukaza mgongo, na mgongo uliokaza hauachi magoti yafanye kazi.

Hatua ya pili: kutua kabla ya pigo la mpinzani

Raketi ya mpinzani inapokaribia kuugusa mpira, jinyanyue kidogo sana, sentimita mbili au tatu, kisha utue kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yakiwa yamekunjika. Lengo ni kutua wakati mpira unaondoka kwenye raketi yake. Mwili uliotua hivyo unaweza kusukuma kwenda kokote, na mwili uliosimama wima lazima kwanza ujishushe ndipo uondoke.

Anayeumwa magoti asiruke. Atanue tu miguu na kushuka kidogo kwa wakati uleule.

Kosa linalojirudia hapa ni kufanya hivi kwa mpira wa kwanza na wa pili, kisha kuacha. Mapigishano ya dinki huenda yakafika mipira 15 au 20, na ifikapo wa nane miguu ya wengi imeshaganda. Tua kila mpira. Kila mmoja, hata ule unaoonekana wazi kwamba unaenda kwa mwenzako.

Hatua ya tatu: mpira wa pembeni

Hapa ndipo dinki nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mpinzani amepiga kimshazari kwenda kushoto kwako. Umetua. Kinachosukuma ni mguu wa kulia, ule ulio mbali na mpira; ukandamize chini kama unataka kuusogeza uwanja. Mguu wa kushoto, ulio karibu na mpira, ndio unaoondoka kwanza, unapiga hatua nje na kutua. Kisha wa kulia unafuata, lakini usiukaribie wa kushoto hadi vifundo vigusane. Nafasi kati ya miguu isipungue upana wa mabega. Mwendo ni ule wa kaa ufukweni: upande kwa upande, kimo kilekile, tumbo likitazama mbele.

Kichwa ndicho shahidi. Kikipanda na kushuka unapokwenda pembeni, ujue unanyoosha magoti kati ya hatua, na kila ukinyoosha unapoteza muda wa kushuka tena.

Kwa mipira mingi hatua moja au mbili za namna hii zinatosha. Ukipelekwa nje ya mstari wa pembeni, hazitoshi tena. Hapo ruhusu mguu wa mbali ukatize mbele ya ule wa karibu, piga ukiwa umenyooka upande, kisha sukuma mara moja kurudi. Wapo wanaofundisha kwamba kupishanisha miguu ni mwiko mbele ya wavu. Sikubaliani nao. Mwiko ni kupishanisha kwa mpira ambao hatua moja ya pembeni ingeufikia, maana ukishapishanisha, mpira wa pili ukirudishwa nyuma yako umekwisha.

Elekeo la hatua lina maana kuliko ukubwa wake. Mpira wa kimshazari unakimbia kwenda nje na kwenda nyuma kwa pamoja. Ukienda sambamba na mstari wa jikoni utaukuta umeshapita mbele yako, utaupiga ukiwa nyuma ya nyonga. Jaribu kwenda pembeni na mbele kidogo ili uukate mapema, au, kama ni mrefu, pembeni na nyuma kidogo ili uupe nafasi. Ule mstari mnyoofu wa katikati ndio unaowakamata wengi.

Hatua ya nne: uzito ukae wapi

Katika pigo la nguvu la tenisi uzito hutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele na mwili wote hufuata. Wanaotoka tenisi huja na tabia hiyo jikoni, na mpira unaruka juu. Dinki haihitaji nguvu ya mwili wote. Mpira wenyewe ni wa plastiki yenye matundu, uzito wake ni kati ya gramu 22 na 27 hivi, na unakwenda mita chache tu. Kinachohitajika ni mwili kuwa umetulia kwa sekunde ile mpira unapoguswa, na uzito kusogea kidogo na kwa mpangilio.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Mguu wa nje unatua kabla ya kupiga, si wakati wa kupiga. Unapotua, goti lake linajikunja na kupokea uzito; karibu robo tatu ya mwili iko hapo. Raketi iko chini ya mpira, uso wake umefunguka kidogo. Sasa goti linaanza kunyooka taratibu, bega linabembea, raketi inausindikiza mpira kwenda mbele na juu. Kunyooka huko kwa goti ndiko kunakounyanyua mpira. Kifundo cha mkono kimetulia, hakipigi kofi wala hakikunjuki. Mpira ukishaondoka, goti lilelile linaendelea kusukuma na kukurudisha katikati.

Kwa maneno mengine, goti moja linafanya kazi tatu: linapokea, linanyanyua, linarudisha. Atakayelielewa hili atapunguza nusu ya matatizo yake.

Gusa mpira mbele ya vidole vya mguu, kamwe usiuache ufike usawa wa nyonga. Ukiuona mpira na raketi kwa wakati mmoja bila kugeuza kichwa, uko sawa.

Unaposhuka kwa mpira wa chini, shuka kwa magoti na nyonga. Anayeinama kiunoni hupeleka kichwa chake mbele ya vidole. Uzito unaangukia jikoni, na mpira unaofuata ukija kwa kasi kuelekea kifuani hana namna ya kujinyanyua. Dalili ya kosa hili ni mgongo kuuma baada ya mchezo huku mapaja yakiwa hayajachoka hata kidogo.

Upande wa kushoto una neema yake. Bega la kulia tayari liko mbele, kwa hiyo mpira unaguswa mbele bila shida. Wengi hupiga dinki bora upande huo. Upande wa kulia mwili una hamu ya kuzunguka. Zuia hilo kwa kuelekeza goti la kulia kule unakotaka mpira uende, na kuuacha mkono wa kushoto mbele ya kifua badala ya kuuning’iniza.

Hatua ya tano: kuingia jikoni na kutoka

Dinki nzuri ya mpinzani itadondoka karibu na wavu, mahali ambapo mkono wako haufiki. Ukidunda, una ruhusa ya kuingia jikoni. Kwa kweli una ruhusa ya kuingia wakati wowote. Sheria inakataza voli tu.

Ingia kwa mguu mmoja, wa upande ule mpira ulipo, na uache mwingine nyuma ya mstari kama unaweza. Mguu wa mbele utue kwa kisigino kwanza kisha wayo mzima, goti lisipite mbele ya vidole. Piga. Sukuma kwa mguu huohuo wa mbele kurudi nyuma. Wengi hupiga, kisha husimama kutazama matokeo. Mpinzani mwenye akili anakusubiri hapo: anaupiga mpira moja kwa moja kifuani kwako, na wewe, ukiwa na mguu jikoni, huruhusiwi kuupiga kabla haujadunda.

Kumbuka pia kwamba baada ya kuingia, lazima miguu yote miwili iguse chini nje ya jikoni kabla hujapiga voli. Kuruka kutoka ndani na kupiga ukiwa hewani hakukubaliki. Vilevile ukipiga voli ukiwa nje kisha kasi ya mwili ikakubeba hadi ndani, ni kosa, hata kama mpira umeshafia upande wa pili. Ndiyo maana uzito wa anayependa kuupokea mpira hewani unapaswa kuishia kwenye nyayo. Uzito ukifika kifuani, umechelewa.

Hatua ya sita: mpira mrefu unaokusukuma

Mpira unaodunda kwenye mstari wa jikoni au nyuma yake kidogo huwafanya watu wafanye moja kati ya mambo mawili mabaya: kuganda na kuuchota kutoka kati ya miguu, au kurudi nyuma kinyumenyume. Hili la pili ni la hatari. Kurudi kinyumenyume visigino vikitangulia ndiko kunakowaangusha watu na kuwavunja vifundo vya mikono, hasa wenye umri mkubwa. Usifanye hivyo hata kwa hatua mbili.

Kwanza jiulize kama unaweza kuupokea hewani. Ukifika kwenye kimo cha goti au zaidi, na unaweza kuugusa mbele yako bila kuanguka, uchukue. Umemnyang’anya mpinzani muda.

Kama haiwezekani, fungua mguu mmoja nyuma. Mpira uko kulia: mguu wa kulia unarudi nyuma kimshazari, nyonga inafunguka, mguu wa kushoto unabaki karibu na mstari. Uzito unaingia kwenye mguu wa nyuma huku mpira ukidunda na kupanda, kisha unarudi mbele polepole unapopiga. Hapa, tofauti na dinki ya pembeni, uzito unakwenda mbele kweli. Baada ya pigo mguu wa nyuma unarudi mstarini. Ni hatua moja kwenda, moja kurudi.

Kurudi, na mwenzako

Hakuna mahali maalumu pa kurudi. Mpira ukiwa kona ya kushoto ya wapinzani, kama unavyoitazama wewe, nyote wawili sogeeni kushoto kidogo. Ukihamia kulia, hameni. Umbali kati yenu ubaki kama mita 3 hivi. Mmoja akivutwa nje ya uwanja, mwingine asogee kuziba katikati bila kuitwa. Nimeona wawili hodari wakifungwa na wawili wa kawaida kwa sababu hii moja tu: kila mmoja alikuwa analinda nusu yake.

Mazoezi

Anza bila raketi. Mwenzako asimame upande wa pili wa wavu akurushie mipira kwa mkono, laini, kushoto na kulia, nawe uidake baada ya kudunda kwa mikono miwili, mbele ya kifua, mguu wa nje ukiwa umeshatua. Ukidaka kwa mkono mmoja au ukiwa unayumba, haihesabiki. Zoezi hili linaonekana la kitoto. Dakika 5 zake zinafichua kila uvivu wa miguu, kwa sababu hakuna raketi ya kurefusha mkono.

Kisha chukueni raketi na mpige dinki za kimshazari, kila mmoja akiganda kwa sekunde moja mara tu baada ya kupiga. Mguu gani umebeba uzito? Kichwa kiko wapi? Ukishindwa kuganda bila kuongeza hatua, basi ulipiga ukiwa unasafiri. Mnapoganda mpira utarudi na kuwapita, na hilo si tatizo, anzisheni mwingine.

La tatu linahitaji chupa mbili za maji. Ziweke nyuma ya mstari wa jikoni, umbali wa mita 2 na nusu kati yake, simama katikati. Mwenzako apige kwa zamu, moja kushoto, moja kulia, na baada ya kila dinki uguse katikati kwa mguu wowote kabla ya kwenda tena. Dakika moja kazi, dakika moja pumziko, mara tano. Ukianza kuinama kiunoni, simamisha zoezi. Ukiendelea utakuwa unayafundisha makosa.

Asiye na mwenzake atumie ukuta. Chora mstari ukutani, sentimita 90 kutoka ardhini, simama mita 2 hivi kutoka ukutani, piga juu kidogo ya mstari, acha udunde, sogea. Ukuta haukupeleki mbali, kwa hiyo lenga makusudi kushoto na kulia.

Mwishowe chezeni mchezo wenyewe, hadi 11, jikoni kwa jikoni, nusu ya uwanja kimshazari. Mpira ukitua nje ya jikoni ni kosa. Wekeni sharti moja la ziada: anayeonekana amesimama wima wakati mpinzani anapiga, anapoteza pointi. Mtabishana, lakini miguu itaamka.

Simu itakuambia ukweli

Egemeza simu kwenye begi chini, pembeni ya uwanja, usawa wa mstari wa jikoni, na urekodi dakika chache za mchezo halisi. Kisha tazama taratibu, ukisimamisha picha pale mpira unapogusa raketi, na uangalie kutoka kiunoni kwenda chini tu.

Mpira uliopanda juu mno: tafuta visigino. Utaona uzito umelala nyuma, mwili unarudi huku mkono unakwenda mbele. Dawa ni kutua mapema na zoezi la kudaka.

Mpira uliogonga wavu: tafuta magoti. Yatakuwa yamenyooka na kiuno ndicho kilichokunjika, au mguu wa mbele ulikuwa bado hewani. Rudi kwenye zoezi la kuganda.

Mpira uliotoka nje pembeni: hesabu hatua kabla ya pigo. Mara nyingi utakuta ni sifuri. Mkono ulinyoshwa, raketi ikapepea. Chupa mbili.

Na kama picha ni nzuri kwa dakika mbili za kwanza kisha inaharibika, mbinu haina shida, ni mapaja na vigimbi. Mara tatu kwa wiki, egemea ukuta ukiwa umekaa hewani kwa sekunde 30 hadi 45, panda na kushuka kwa vidole mara 15 kwa kila mguu, na upige hatua pana za pembeni ukishuka, mara 10 kila upande. Fanya siku ambazo huchezi, au baada ya mchezo. Ukifanya kabla, utaingia uwanjani na miguu iliyokwisha kuchoka.